Ubavu wa Kushoto

Mlangoni mwa maabara palikuwa pamebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono: VUA VIATU. USIGUSE KITU. HATA WEWE PROFESA. Inspekta alivua viatu bila ubishi, kwa kuwa aliijua vizuri tabia ya mwenye mlango. Koplo, msaidizi wake, alivua vyake pia, akagundua soksi moja imetoboka, akasimama amekikunja kidole gumba cha mguu ili kisichungulie nje.

"Wifi yangu!" Sauti ilitangulia kutoka nyuma ya kabati la vioo kabla mtu hajaonekana. "Kaka yangu anakula vizuri huko?"

"Anakula kuliko mimi."

"Niletee nywele zake tatu nizipime. Nitajua umekuwa ukimpa nini mwezi kwa mwezi."

"Ukizipima utakuta anakula kwako kila Jumapili halafu anakuja kwangu kusema hana njaa."

Mkuu wa maabara alijitokeza akicheka, koti jeupe limejaa madoa ya manjano, akamkumbatia Inspekta mpaka kofia ikaenda upande. Wawili hawa walikuwa mawifi kwa miaka ishirini na mitatu, na katika muda wote huo hawakuwahi kusalimiana bila kuchokozana kwanza. Siku ambayo wangeamkiana kwa adabu, kila mmoja angejua kuna msiba.

Siku hiyo Inspekta hakuwa na muda mrefu wa utani. Siku tisa kabla, muuguzi mmoja alikuwa akisimamia mafundi wa saruji katika karakana ya baba yake, seremala mzee ambaye mtaa wote unamwita Mzee Randa. Mzee alikuwa ameanza kujikwaa, na binti alitaka sakafu iliyo sawa. Mafundi walipong'oa mbao za sakafu ya zamani walikuta sanduku, na ndani ya sanduku mifupa ya mtu. Mama yake muuguzi alitoweka miaka thelathini iliyopita, yeye akiwa na miaka tisa. Hakumuuliza baba yake kitu. Alitembea moja kwa moja hadi kituoni, bado amevaa sare ya hospitali, akaandikisha maelezo, na jioni hiyohiyo Mzee Randa akakamatwa. Hakimu aliwapa polisi siku kumi na nne: walete ushahidi wa kumshtaki kwa mauaji au wamwachie.

Ushahidi wenyewe ulikuwa haba. Maabara ya polisi ilijaribu kutafuta vinasaba katika mifupa ile mara mbili, ikatoka kapa mara zote mbili. Daktari alisema ni mtu mzima, huenda mwanamke, na kwamba hawezi kuapa amekufa lini. Mzee mwenyewe hakusema lolote la maana. Hapo ndipo Inspekta alipomkumbuka wifi yake, ambaye kazi yake ni kuipima mifupa ya watu waliokufa maelfu ya miaka iliyopita ili kujua walikuwa wakila nini.

"Kaeni," alisema wifi, akawasogezea viti viwili vyenye magurudumu. "Koplo, wewe ulikuwepo nilipomweleza mara ya kwanza?"

"Sikuwepo, mama."

"Basi sikiliza, ni rahisi. Mwili wako umejengwa na chakula. Hakuna tofali lingine. Kaboni iliyo katika mfupa wako ilikuwa kwenye sahani yako. Sasa, kaboni iko ya aina mbili, nyepesi na nzito kidogo. Hizo ndizo tunaita isotopu. Mahindi, mtama, miwa na nyasi za jua kali hubeba ile nzito kwa wingi. Mchele, ngano, maharage, matunda hubeba kidogo. Nikiusaga mfupa wako nikaupitisha kwenye mashine ile pale, nitajua kama nyumbani kwenu mlikula mahindi au mchele."

"Mahindi," alisema Koplo.

"Naona. Halafu kuna naitrojeni. Hiyo hupanda kila mmoja anapomla mwenzake. Nyasi ziko chini, ng'ombe anayekula nyasi yuko juu kidogo, anayekula ng'ombe yuko juu zaidi. Samaki ndiyo usiseme, maana samaki hula samaki aliyekula samaki. Mtu wa kula samaki kila siku, naitrojeni yake inagonga dari."

Alizifunua karatasi mbili juu ya meza. Inspekta alivaa miwani.

"Nimepima vitu viwili," wifi aliendelea, na sauti yake ikawa ya kazi. "Mzizi wa gego, na ubavu mmoja wa kushoto. Gego hujengwa utotoni, na likishajengwa limejengwa. Ubavu hujikarabati hadi mtu anapokufa, kwa hiyo unabeba chakula cha miaka yake ya mwisho. Gego la huyu linasema samaki, samaki wa maji baridi, wa ziwa au mto, na si wa sikukuu, wa kila siku. Mahindi hakuna kabisa. Ubavu unasema jingine. Kaboni nzito tupu. Mahindi, mtama, kitu cha namna hiyo."

Koplo alimtazama Inspekta. Inspekta hakumtazama Koplo.

"Yaani alizaliwa akila samaki," alisema polepole, "akaja kufa akila mahindi."

"Ndivyo zinavyosema hizo namba."

Katika faili, kwenye ukurasa ambao Inspekta aliujua kwa moyo, ilikuwa imeandikwa kwamba mke wa Mzee Randa alizaliwa na kukulia kando ya ziwa, katika nyumba ya wavuvi, akaolewa akiwa na miaka ishirini, akaja kuishi huku kwenye mashamba ya mahindi kwa miaka kumi na miwili. Lau angetafuta kipimo cha kumnyonga yule mzee, asingepata kinachofaa zaidi ya hiki. Ilimuuma kweli, kwa sababu alikuwa amempenda Mzee Randa tangu siku ya kwanza na alijua hilo si jambo la kuandika kwenye ripoti.

"Afande," Koplo alinong'ona, "ni yeye."

"Nimesikia."

"Mbona umenyong'onyea hivyo?" aliuliza wifi. "Nilidhani utanibusu."

"Nitakubusu kesho. Una uhakika?"

Wifi alijikuna shingo. "Na namba, ndiyo. Kuna kimoja tu kinaniwasha. Naitrojeni ya ubavu iko chini mno. Hata mtu aliyekula maharage tu maisha yake yote angekuwa juu ya hapa. Nilimwambia mwenzangu, kama nisingeukata huu ubavu kwa mkono wangu ningeapa nimepima ng'ombe." Akacheka peke yake. "Lakini protini imetoka safi, imefaulu vipimo vyote vya ubora. Kwa hiyo, basi. Watu wana mambo yao."

*

Mchana huo Inspekta alirudi karakanani kwa Mzee Randa. Hakuwa na sababu ya kuandika kwenye kitabu cha zamu. Alisema anakwenda kukagua tena eneo la tukio, na Koplo, ambaye alimzoea, alichukua funguo za gari bila kuuliza.

Ilikuwa karakana ya mtu anayependa kazi yake. Patasi zilipangwa ukutani kuanzia ndogo hadi kubwa, kila moja na kivuli chake kilichochorwa kwa penseli ili irudi mahali pake. Randa tatu zililala ubavu, visu vyake visiguse meza. Kila kitu kilichowahi kuvunjika kilikuwa kimeungwa: stuli yenye mguu wa rangi nyingine, kikombe cha udongo chenye mshono mweusi, fremu ya redio, hata kitana cha mbao kilichopandikizwa meno mawili mapya. Inspekta alikishika kitana kile muda mrefu. Kilikuwa cha mwanamke.

"Huyu babu hatupi kitu," alisema Koplo.

"Hatupi."

Alikuwa ameshalikagua lile sanduku kituoni mara nne. Halikuwa na msumari hata mmoja. Pembe zake zilishikamana kwa maungio ya meno, kila jino limekatwa sawasawa na mwenzake, kifuniko kimepigwa msasa mpaka kinateleza. Kazi ya siku nne au tano. Anayeficha maiti ana haraka, huchukua gunia. Jambo hilo lilikuwa limemkereketa tangu mwanzo, na hakuna aliyetaka kulisikia, kwa kuwa mkuu wa kituo alisema wauaji nao wana majuto.

"Afande, njoo unuse," Koplo aliita kutoka pembeni. Alikuwa ameinama juu ya jiko dogo lenye sufuria mbili, moja ndani ya nyingine. Ya ndani ilikuwa na kitu cha kahawia kilichokauka na kung'aa. "Nilidhani ni vanishi. Inanuka kama supu."

Inspekta aliinama. Ilinuka kwato, ngozi na jiko la mchinjaji. Chini ya meza palikuwa na mfuko wa vipande vya ngozi mbichi iliyokauka, vimekatwakatwa.

"Ni gundi," alisema. "Gundi ya kizamani. Wanachemsha ngozi ya ng'ombe mpaka—"

Koplo baadaye alisimulia kantini kwamba alidhani bosi wake amepatwa na kiharusi. Inspekta alibaki ameinama, mkono mmoja umeshika meza, mdomo wazi, kisha akatoa simu mfukoni.

"Wifi. Mifupa yako ya watu wa kale, kabla hujaipima, huwa unaikwangua gundi?"

"Ya makumbusho, lazima. Wale watu hawawezi kuuona mfupa bila kuupaka gundi. Kwa nini?"

"Ile yangu uliikwangua?"

"Ile ni mifupa ya polisi, wifi. Nani aipake gundi mifupa ya po—"

Inspekta alisikia kiti chenye magurudumu kikigonga ukuta.

"Mungu wangu," alisema wifi.

"Gundi ya ngozi ya ng'ombe. Ingefaulu vipimo vyako vya ubora?"

"Kwa alama za juu! Ni protini ileile, wifi, ya mfupa na ya ngozi ni kitu kimoja. Na mfupa ukiwa mkavu hunywa gundi mpaka ndani, protini yake mwenyewe inabaki kidogo. Ng'ombe wa nyasi: kaboni nzito, naitrojeni chini. Nimepima ng'ombe! Nilisema nimepima ng'ombe na nikacheka, mjinga mimi!"

"Wewe si mjinga."

"Mjinga mwenye shahada tatu. Niletee mfupa usio na gundi. Na uniambie kwa uhakika ni upi hauna, maana nikiutafuta kwa macho nitapoteza wiki. Una siku ngapi?"

"Tano."

"Asidi haijui cheo chako. Inataka siku nne kuyeyusha mfupa bila kuharibu protini. Niletee leo."

*

Walipofungua chumba cha mahojiano walimkuta Mzee Randa amepiga magoti chini ya meza. Askari wa zamu alijitetea: mzee ameomba kipande cha mbao, amesema meza inacheza, naye hakuona ubaya.

"Shikamoo, mzee," alisema Inspekta.

"Marahaba, mama." Mzee alijiinua kwa kushika ukingo wa meza, akaisukuma kidogo kuijaribu. "Kaa sasa. Haichezi tena."

Hiyo ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizotoa tangu akamatwe. Alikuwa na miaka sabini na minne, mikono mikubwa yenye makovu madogomadogo, na shati alilolifunga vifungo hadi shingoni kwa heshima ya mahali. Inspekta alikaa. Alitamani kumuuliza moja kwa moja. Lakini alijua wakili yeyote angesema yeye ndiye aliyemtia mzee maneno ya gundi kinywani, na alijua vilevile kwamba mtu huyu amekaa kimya miaka thelathini na hawezi kufunguliwa kwa ufunguo wa kawaida.

"Leo sikuja kwa habari za mkeo," alisema. "Nimekuja kwa malalamiko ya kazi. Ule ubavu wa kushoto umeachia."

Mzee aliinua macho.

"Maabara wameushika tu, ukakatika palepale. Hawajui hata waseme nini. Naona haukushika vizuri."

Koplo aliitazama dari. Hakuna kilichokatika.

"Haiwezekani," alisema Mzee Randa.

"Umeachia, mzee wangu."

"Nani kaushika? Kaunyanyua kwa kushika wapi?" Sauti ya mzee ilipanda kwa mara ya kwanza. "Mfupa wenyewe ulikuwa mkavu kama biskuti, ungevunjika kwingine kokote ningekubali. Lakini kwenye gundi? Gundi ile niliichemsha siku mbili! Nikaufunga kwa uzi, nikauacha siku nzima, nikaufungua mwenyewe. Miaka hamsini gundi yangu haijawahi kuachia hata mguu wa stuli. Mwambie huyo wa maabara anatafuta pa kuegemeza makosa yake."

Alimtazama Inspekta, akamtazama Koplo, na uso wake ukabadilika taratibu.

"Haujaachia."

"Haujaachia, mzee. Nimekudanganya. Nisamehe."

Mzee alikaa. Hakuonekana na hasira. Alionekana kama mtu aliyetua mzigo na bado hajaamini kwamba mabega ni yake.

"Umeunganisha mingapi?" aliuliza Inspekta kwa upole.

"Mbavu tatu za kushoto na mkono wa kushoto. Nilikuwa nachimba shimo la nguzo, naongeza chumba cha mbao hapo karakanani. Sururu ikaingia. Nilisikia mlio nikajua si jiwe." Aliitazama mikono yake mezani. "Nilichimba kwa vidole baada ya hapo. Alikuwa amelala ubavu, amekunja magoti. Nimemvunja mtu aliyelala."

"Mbona hukuja kwetu?"

"Mke wangu alikuwa ameondoka wiki moja tu kabla. Watu walishaanza kunitazama kwa kona ya jicho. Nije niwaambie nimeokota mifupa uani kwangu? Wewe ungenisadiki?"

"Nisingekusadiki," alikiri Inspekta. "Ungeweza kufukia shimo ukaendelea na nguzo yako."

"Vipande vipande? Nimvunje halafu nimfukie vipande?" Alitikisa kichwa, na ilionekana wazi kwamba wazo hilo halikuwahi kumpitia. "Nilimuunga. Nikamtengenezea sanduku, nikamlaza palepale nilipomkuta, sakafu ikaja juu yake. Nilikuwa siwezi kulala siku hizo, kazi ilinisaidia."

"Na upande wa kulia?"

"Sikuugusa. Ulikuwa mzima."

Inspekta aliandika, akampa asome, mzee akasaini. Kisha akaiweka kalamu chini, kwa sababu alitaka mzee asikie vizuri kilicho mbele yake.

"Mzee, maneno haya ni yako peke yako, na mahakamani hayatoshi. Tutapima mbavu za kulia, zisizo na gundi. Mkeo alikula mahindi yenu miaka kumi na miwili. Kama huyu ni mkeo, mbavu zitasema mahindi, na hapo hakuna mtu atakayeweza kukusaidia, hata mimi. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Unataka kuongeza neno?"

Mzee Randa alifikiri. "Wasiukate ubavu wote," alisema. "Wachukue kidogo tu."

*

Kwa siku nne Inspekta hakuwa mtu wa kukaa naye. Alimkaripia Koplo kwa kutafuna, akamkaripia mumewe kwa kupumua. Mkuu wa kituo alimuita mara mbili: ripoti ya kwanza inatosha, jino linasema ziwani, ubavu unasema mahindi, mtu gani mwenye akili asubiri zaidi? Inspekta alijibu kwamba ripoti ya kwanza inamshtaki ng'ombe, na kwamba yuko tayari kumleta huyo ng'ombe kizimbani kama mkuu atasaini hati. Alifukuzwa ofisini, lakini faili halikwenda kwa mwendesha mashtaka.

Asubuhi ya siku ya kumi na nne wifi alikuja kituoni mwenyewe, kwa miguu yake, koti lake la madoa bado limo mwilini. Hakumuuliza Inspekta habari za kaka yake, na Inspekta akasimama kwa hofu.

"Sema."

"Mbavu tatu za kulia, vipande vidogo kama alivyotaka babu. Kila moja imepimwa mara mbili, mimi na mwenzangu, kila mtu na chumba chake." Alimpa karatasi. "Samaki."

"Zote?"

"Zote. Naitrojeni inagonga dari. Kaboni ni ileile ya gego, ukiziweka juu ya mstari zinakanyagana. Samaki utotoni, samaki ukubwani, samaki mpaka siku ya mwisho. Miaka kumi na miwili ya mahindi ingeonekana kwenye ubavu hata kipofu angeiona. Huyu hakula mahindi hata mwaka mmoja, wifi. Si mke wa mtu huyu."

Inspekta alikaa chini. Koplo, aliyekuwa amesimama mlangoni, alipiga ngumi hewani kisha akajifanya anajikuna kichwa.

"Ni nani, basi?"

"Kipimo cha umri wa mifupa kimekwenda nje ya nchi, majibu ni miezi. Sitasema kitu mahakamani ambacho sijakipima. Lakini meno yamesagika bapa, kama ya watu wangu wa zamani wanaokula chakula chenye mchanga. Na mto ulipita nyuma ya mtaa ule kabla haujahama. Ukiniuliza mimi kama wifi, siyo kama mtaalamu, babu amekaa na mtu wa kale sana chini ya sakafu yake, akamtunza kuliko makumbusho yoyote niliyowahi kuingia." Akajifuta macho kwa mkono wa koti. "Na gundi yake, nakuapia, sijaona gundi kama ile."

Inspekta alimbusu shavu la kulia na la kushoto, mbele ya askari wote.

*

Muuguzi alifika saa nne, ametoka zamu. Inspekta alimpokea koridoni, hakutaka asikie habari hiyo katikati ya makarani.

"Si mama yako," alimwambia. "Mifupa ile ni ya mtu aliyekula samaki maisha yake yote. Mama yako aliishi hapa miaka kumi na miwili, mwili wake ungeonyesha. Baba yako aliipata mifupa akichimba, akaiharibu kwa bahati mbaya, akaitengeneza. Anatoka leo."

Inspekta alikuwa ameshawapa watu wengi habari za namna hii, na alizoea wanavyoanguka, wanavyopiga vigelegele, wanavyomshika miguu. Muuguzi aliuliza tu:

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi aliondoka tu."

Inspekta alimsogeza mbali na mlango wa makarani.

"Mama, nikwambie kitu ambacho sikukiandikisha?" Muuguzi alizungumza akitazama ukuta. "Nilipoona fuvu ndani ya lile sanduku nilipata nafuu. Nafuu kabisa. Nilisema moyoni, kumbe hakuniacha. Kumbe alizuiwa. Nikamleta baba yangu hapa, nikaenda nyumbani, nikalala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu nikiwa mdogo." Akamgeukia Inspekta. "Nilimtoa baba yangu kafara ili nimpate mama."

Inspekta alimshika mkono, akamshika tu, kwa kuwa hakuna mafunzo ya polisi yanayofundisha jambo hilo. Kisha akaufungua mlango wa chumba cha mahojiano.

Mzee Randa alikuwa amekaa kwenye kiti chake, vifungo vya shati hadi shingoni. Alipomwona binti yake alikisogeza kiti cha jirani ili akae.

"Nisamehe, baba," alisema muuguzi kutoka mlangoni.

"Kwa lipi?" Mzee alishangaa kweli. "Umeona mifupa, umewaita polisi. Ndivyo nilivyokulea."

"Sikukuuliza hata neno moja."

"Ungeniuliza ningekuwa na aibu. Umefanya vizuri."

Muuguzi alikuja hadi mbele yake. Inspekta alipaswa kutoka, na alijua hivyo, lakini alibaki mlangoni.

"Miaka thelathini watu wanasema umemuua. Shuleni waliniambia usoni. Kwa nini hukuwaambia aliondoka kwa miguu yake mwenyewe?"

Mzee Randa aliitazama mikono yake, kisha uso wa mwanawe.

"Niliwaambia," alisema. "Mara moja, mwezi uleule. Walikuja kuniuliza pale uani, nikawaambia amechoka na sisi, ameondoka. Wewe ulikuwa nyuma ya mlango, ukasikia. Ulikaa siku nne hutaki kula wala kusema. Nikaona waache waniite muuaji, ili mradi usilisikie tena."

Muuguzi aliketi sakafuni palepale, akakilaza kichwa kwenye goti la baba yake na kulia kwa sauti. Mzee alimwekea mkono kichwani, ule mkono mkubwa wenye makovu, akauacha hapo.

Inspekta alitoka, akaufunga mlango taratibu, akamwambia Koplo kwamba karatasi za kumwachia zitasainiwa watakapokuwa tayari wao, na kwamba mtu yeyote asithubutu kugonga.